Namba ngeni ikikuambia umeshinda: namna ya kuitambua simu ya kitapeli kabla hela haijatoka

Simu ya kitapeli inayotangaza ushindi inaweza kupambwa kwa kila namna. Sauti inaweza kuwa ya msichana mwenye adabu wa huduma kwa wateja, nyuma yake zikasikika sauti za watu wengine wakiongea kana kwamba ni ofisini. Jina lako linaweza kutajwa lote, na mtandao unaoutumia ukatajwa bila kukosea. Lakini lipo jambo moja ambalo mpigaji hawezi kulikwepa, hata awe mjuzi kiasi gani: kabla mazungumzo hayajaisha ni lazima akuombe kitu. Atakuomba hela, au namba ya siri, au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi, au atakuelekeza ubonyeze namba fulani huku ukiendelea kumsikiliza. Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo. Usipoteze muda kupima uzuri wa maneno yake wala kujiuliza kama sauti ni ya mtu mwaminifu. Subiri ombi, na ukilisikia tu, kata simu.

Utapeli wa zawadi ni wa zamani kuliko simu za mkononi, ila huduma za fedha kwa simu zimeupa kasi ambayo haukuwa nayo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, hela husafiri kutoka mkoa mmoja hadi mwingine ndani ya sekunde chache, na aliyeipokea anaweza kuitoa kwa wakala wa jirani kabla aliyetuma hajamaliza kujiuliza kama amefanya sawa. Benki ilikuwa na foleni, fomu, saa ya kufunga na karani mwenye maswali, na vyote hivyo vilimpa mtu nafasi ya kushtuka. Kwenye simu nafasi hiyo haipo, na ndiyo sababu tapeli hufanya kila njia usikate.

Simu yenyewe inavyokwenda

Chukua mfano wa mama muuza vitenge, saa tano asubuhi, wateja wakiwa wamejaa mezani pake. Simu inaita kutoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi.

"Shikamoo mama. Naongea na mwenye laini hii?" Hapo anataja majina yake mawili, sawasawa kabisa. "Napiga kutoka makao makuu Dar es Salaam. Hongera sana, namba yako imeibuka mshindi wa shilingi milioni tano katika promosheni yetu ya wateja waaminifu."

"Mimi? Mbona sijacheza bahati nasibu yoyote?"

"Hukucheza, mama yangu. Kila unapoongeza salio, mfumo wenyewe unakuingiza kwenye droo. Hapo ulipo uko na nani? Naomba usogee pembeni kidogo, maana taarifa hizi ni siri kwa usalama wako. Na tafadhali usikate simu. Ukikata, mfumo unamchagua mshindi mwingine."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Majina humfanya mama aamini kwamba anayepiga anaona taarifa zake. Jibu la "hukucheza" limeandaliwa mapema, kwa sababu hilo ndilo pingamizi la kwanza la kila mtu mwenye akili timamu. Kumsogeza pembeni ni kumtenga na jirani ambaye angemwambia, "Mama fulani, hao ni matapeli." Katazo la kukata simu linamnyima dakika mbili za kupiga huduma kwa wateja na kuuliza. Ukikutana na mambo haya matatu kwa pamoja, yaani ushindi ambao hukuutafuta, usiri na haraka, huhitaji ushahidi mwingine.

Swali linalofuata husikika kama la kiofisi tu: "Una shilingi ngapi kwenye akaunti yako ya simu? Mfumo unataka salio lisipungue laki moja ndipo upokee kiasi kikubwa." Hakuna huduma ya fedha inayotaka mtu awe na hela ili apokee hela. Swali hilo linamwambia tapeli ni kiasi gani atachukua, na mwenye salio dogo hushawishiwa akaongeze kwa wakala, wakati mwingine kwa kukopa kwa jirani akiahidi kurudisha jioni.

Kisha inakuja hatua ambayo imewaliza wengi, wakiwemo watu wasomi wanaojua fika kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu. Mpigaji anamwambia mama aweke simu kwenye spika na aingie kwenye menyu ya fedha, ile ile anayoitumia kila siku, kwa mfano *150*00# kwa mteja wa M-Pesa ya Tanzania. Anamwongoza achague namba moja baada ya nyingine bila kumpa muda wa kusoma. "Sasa ingiza namba yako ya ushindi," anasema, na kumtajia tarakimu kumi. "Vizuri. Sasa ingiza msimbo wa zawadi: tisa, nane, tano, sifuri, sifuri." Halafu kwa sauti ya upole: "Hapo utaweka namba yako ya siri. Usinitajie mimi, mama, wala mtu yeyote, iingize mwenyewe."

Namba ya ushindi ni namba ya simu ya mpokeaji. Msimbo wa zawadi ni kiasi, shilingi 98,500, kilichopimwa ili salio la laki moja litoshe na ada ya kutuma. Na lile onyo la kutotaja namba ya siri, ambalo linamfanya mpigaji aonekane mwaminifu kuliko wote, halimgharimu chochote, kwa sababu haihitaji. Anachohitaji ni mama mwenyewe aidhinishe muamala. Tangu alipoambiwa achague kutuma pesa, skrini imekuwa ikisema ukweli wote: kiasi hiki kinakwenda kwa namba hii. Lakini hakuna anayesoma skrini vizuri huku akisikiliza maelekezo ya haraka na wateja wakimuuliza bei ya kitenge.

Kwa hiyo shika kanuni hii na uwafundishe wa nyumbani kwako: kupokea hela kwa simu hakuhitaji kubonyeza chochote. Inaingia yenyewe, hata ukiwa umelala. Mtu yeyote anayesema ubonyeze ili upokee anakuelekeza kutuma. Na kila mara skrini inapokuomba namba ya siri, isome kwa sauti kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho kabla ya kuiweka.

Njia nyingine za kufika pale pale

Tapeli asiyetaka kuongoza menyu atatumia ujumbe wa kughushi. Unaingia ukiwa umeandikwa kama ule wa muamala halisi, na kumbukumbu namba, tarehe na saa, ukisema umepokea laki tatu. Dakika moja baadaye mtu anapiga akilia: amekosea namba, hela ni ya mgonjwa, anaomba umrudishie. Angalia mambo mawili. La kwanza ni mtumaji: ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma, katika mfululizo ule ule wa ujumbe wako wa zamani wa miamala, wakati huu wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya mtu binafsi. La pili, na ndilo la kutegemea zaidi, ni salio: liangalie mwenyewe kupitia menyu, usiamini lile lililoandikwa kwenye ujumbe. Hata ukikuta hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, nao watafuata utaratibu wa kurejesha muamala uliokosewa. Aliyekosea kweli atakubali.

Wapo wanaotaka tarakimu. Watakuambia umetumiwa "namba ya uthibitisho wa ushindi", nawe utaona tarakimu sita zimeingia kwenye simu. Mara nyingi huo ni msimbo wa kuhamishia akaunti yako ya WhatsApp kwenye simu yao, na wakishaipata wataanza kuwaomba ndugu zako hela kwa jina lako na picha yako. Wengine watakuambia ubonyeze msimbo unaoanza na *21* ukifuatiwa na namba yao. Huo unaelekeza simu zote zinazokupigia ziingie kwao, pamoja na zile za benki zinazokuja kuthibitisha jambo. Ukihisi umeshaubonyeza, piga ##002# kufuta uelekezaji wote.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji maelezo marefu. Unamwinda mtu aliyekuwa kweli anakaribia kutuma kodi ya nyumba au ada ya shule. Mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, umuulize.

Jina langu wamelijua vipi?

Swali hili ndilo linalowafanya wengi waamini, na linastahili jibu kamili. Jaribu kutuma hela kwa namba yoyote: kabla ya kuthibitisha, mfumo unakuonyesha jina la mwenye laini. Kinga hiyo iliwekwa ili usikosee, lakini tapeli huitumia kwa kinyume chake. Anaingiza namba yako, anasoma jina, anaghairi muamala, kisha anakupigia. Mengine huyapata kwenye makundi ya WhatsApp, kurasa za Facebook na matangazo ya biashara ambako watu huacha namba zao. Kujua jina lako, basi, hakuthibitishi kwamba anapiga kutoka ofisi yoyote.

Vivyo hivyo kuhusu namba inayokupigia. Programu za kutambua wapigaji hutegemea majina ambayo watumiaji wenyewe wameyaweka, kwa hiyo maneno "Huduma kwa Wateja" yanayotokea kwenye kioo hayajathibitishwa na yeyote. Wala usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao Tanzania iliukamilisha kwa kuanza kuzima laini zisizosajiliwa Januari 2020, haumaanishi kwamba anayepiga ndiye mwenye jina linalotokea. Zipo laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wasiojua, walioambiwa na msajili wa barabarani warudie kuweka kidole kwa madai kwamba cha kwanza hakikusoma. Kwa sababu hiyo piga *106# mara kwa mara uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, na ukikuta usiyoifahamu, nenda kwenye duka la mtandao husika uifute. Hiyo ni kinga yako na ya mtu mwingine, kwa kuwa laini hiyo inaweza kuwa inatumika sasa hivi kumpigia mama wa vitenge.

Zawadi za kweli zipo

Haitakuwa haki kusema kila promosheni ni uongo. Kampuni hutoa zawadi, na nchini Tanzania michezo hiyo husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Tofauti huonekana kwenye mwenendo. Promosheni ya kweli hutangazwa kabla, vigezo vyake vinajulikana, na huna ulazima wa kuamini maneno ya mtu mmoja kwenye simu, kwa kuwa unaweza kwenda dukani kwao ukauliza. Kodi inayotozwa kwenye ushindi wa michezo ya kubahatisha hukatwa na mwendeshaji kabla hajamlipa mshindi. Hakuna utaratibu wa mshindi kutanguliza kodi, bima, "ada ya usajili" au nauli ya gari la kuleta zawadi. Ukiambiwa ulipe elfu thelathini ili upate milioni tano, jiulize kwa nini wasikate hiyo elfu thelathini humo humo kwenye milioni tano. Waulize na wao. Majibu yao huwa na maneno mengi sana.

Namba za kampuni nazo zinajulikana. Nchini Tanzania huduma kwa wateja ya mitandao ya simu ni namba 100. Nchini Kenya, Safaricom imewaambia wateja wake mara nyingi kwamba huwapigia kwa 0722 000 000 pekee. Simu ya ushindi inayotoka kwenye namba ya mtu binafsi imejieleza yenyewe.

Niongeze neno kuhusu bahati nasibu ya viza ya Marekani, ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiiomba kwa miaka mingi na ambayo matapeli wanaipenda mno. Serikali ya Marekani haimpigii mtu simu kumwambia amechaguliwa. Mwombaji huangalia mwenyewe kwenye tovuti ya programu hiyo, kwa kutumia namba ya uthibitisho aliyopewa alipojaza fomu, na ada ya viza hulipwa ubalozini wakati wa usaili. Anayekupigia akitaka utume ada kwa simu hana uhusiano wowote na viza hiyo.

Wanaouza kwa simu

Mpigaji wa kuuza huduma ni mgumu zaidi kumpima, kwa kuwa benki na kampuni za bima hupiga kweli kutafuta wateja. Hapa usiangalie kama anauza; angalia anachokifanya unapoomba muda. Mwuzaji halali anaweza kukupa jina la kampuni, tawi lilipo na maandishi ya masharti, na ukimwambia utapita ofisini kesho atafurahi. Tapeli atasema nafasi zimebaki mbili na zinafungwa saa sita mchana.

Mikopo ndiyo yenye madhara makubwa, kwa kuwa humkuta mtu tayari ana shida. Ahadi ni ya mkopo wa haraka bila dhamana. Sharti ni kutanguliza "bima ya mkopo" au "akiba ya asilimia kumi". Ukilipa, kunazuka malipo ya pili, kisha ya tatu, hadi uchoke. Mkopeshaji halali humpa mkopaji hela, hamwombi. Kabla hujakubali chochote, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Mwezi Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na hiyo inaonyesha kwamba kuwa na programu nzuri kwenye simu si kibali. Sura hiyo hiyo utaikuta kwenye ajira inayotaka ada ya sare au ya vipimo vya afya, kwenye gari la bei ya kutupa linalodaiwa kuwa la mnada wa bandarini, na kwenye mzigo wa "rafiki wa Ulaya" unaodaiwa kukwama uwanja wa ndege.

Unapokuwa kwenye simu hiyo

Kata. Huna deni la adabu kwa mtu anayekuibia. Nalisema hili hasa kwa ajili ya wazee wetu, ambao wamelelewa kutomkatia mtu maneno, na matapeli wanalijua hilo vizuri. Ile "shikamoo" ya mwanzo haikutoka kwa heshima. Ukiona vigumu kukata hivi hivi, andaa sentensi moja: "Nitapita dukani kwenu mwenyewe." Kisha kata, na usipokee tena namba hiyo hata ikipiga mara kumi.

Baada ya kukata, piga mwenyewe namba rasmi ya kampuni iliyotajwa, ukiiandika kwa mkono wako. Usipige namba waliyokutumia wala usibonyeze "piga tena". Kisha toa taarifa: nchini Tanzania, peleka ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania bila malipo kwa kazi hiyo; nchini Kenya, mteja wa Safaricom hutuma kwenda 333. Wengi huona ni usumbufu wa bure, lakini laini hufungwa kwa kuripotiwa, na kila laini iliyofungwa mapema ina mtu ambaye haikumfikia.

Nyumbani, wekeni makubaliano kwamba hakuna anayetuma hela kwa sababu ya simu ya ghafla bila kumwambia mtu mwingine mmoja kwanza. Kwa bibi anayeishi peke yake, mwandikie kwenye karatasi namba ya mtu wa kumpigia, kwa herufi kubwa, na uibandike mahali anapochaji simu.

Hela ikishatoka

Usimpigie tapeli kumsihi. Piga huduma kwa wateja wakati huo huo, ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala, kiasi, saa na namba iliyopokea. Kama hela haijatolewa, inaweza kuzuiwa, na kila dakika ina thamani. Badilisha namba ya siri. Ikiwa ulitaja tarakimu za WhatsApp, wajulishe ndugu na makundi yako kwa kupiga simu au kupitia simu ya mtu mwingine kabla hawajaanza kuombwa hela. Usifute ujumbe wala orodha ya simu zilizopigwa, hata kama kuiona kunakuuma. Nenda kituo cha polisi, eleza, na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha polisi, au ya OB kama uko Kenya. Utapeli huu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nchini Tanzania na ile ya mwaka 2018 nchini Kenya, na mtandao wa simu unaweza kukudai taarifa hiyo ya polisi ili kuendelea na shauri.

Kama aliyetapeliwa ni mzazi au jirani yako, usianze kwa kumuuliza alikuwa anafikiria nini. Aliyefokewa mara moja hatasema tena, na mara ya pili hela itatoka kimya kimya bila mtu wa kumsaidia kupiga 100 kwa wakati.

Kisha kaa macho kwa simu moja zaidi, inayoweza kuja siku chache au wiki kadhaa baadaye. Mpigaji atajitambulisha kama askari wa makosa ya mtandao, au mwanasheria, au mfanyakazi wa kampuni ya simu. Atajua kiasi ulichoibiwa na siku ulipoibiwa, kwa sababu ni yule yule au mwenzake. Atasema mwizi amekamatwa na hela yako ipo, imebaki ada ndogo ya kufungulia jalada. Muulize yuko kituo gani, kata simu, chukua karatasi yako ya RB, na uende ukaulize kwenye kituo ulichofungulia shauri.